Paka ni mgonjwa na ugonjwa haujulikani: Utamweleza nini daktari?

Kati ya maswali ambayo wakazi wa mitaa ya Eastlands huulizana juu ya wanyama wao, lililo gumu zaidi kujibu ni hili: "Paka wangu ni mgonjwa, nimpe nini?" Ni gumu kwa sababu halina habari yoyote ndani yake. Anayeuliza anataka jina la dawa. Anayeulizwa, awe ni muuzaji katika duka la agroveti au daktari wa mifugo mwenye shahada, hajaambiwa lolote la kumsaidia kufikiri.

Hata hivyo majibu hayakosekani. Jirani wa kwanza atasema ni minyoo. Wa pili atasema paka amekula sumu, apewe maziwa. Wa tatu atatikisa kichwa na kusema mnyama huyo amerogwa, heri atupwe mbali. Siku tatu zinapita hivyo, hiki kikijaribiwa na kile kikijaribiwa, mpaka paka anakufa. Au linatokea jambo baya zaidi: mtoto wa nyumba hiyo anaumwa mkononi na mnyama ambaye hakuna aliyefikiria kuwa huenda ana kichaa.

Kwa hivyo somo letu la leo si orodha ya maradhi ya paka. Maradhi hayo ni mengi na dalili zake hufanana mno. Paka asiyekula na anayelala siku nzima anaweza kuwa na homa, sumu, jino bovu, figo zilizochoka au jipu la kuumwa na paka mwenzake. Kazi yako wewe si kuupa ugonjwa jina. Kazi yako ni kukusanya habari ambazo hakuna mtu mwingine anazo, kuzifikisha kwa anayefaa, na kujua ni wakati gani hupaswi kungoja hata hadi asubuhi.

Uchunguzi huanzia kwa majirani

Paka wa Eastlands si yule wa kwenye picha za kalenda. Aghalabu aliletwa nyumbani kwa sababu ya panya, naye hulala kwako, akala kwa jirani, akawinda kwenye mtaro wa maji machafu nyuma ya ploti. Kule Kaloleni, Maringo na Jericho, kwenye zile nyumba kuukuu za halmashauri ya jiji, paka mmoja anaweza kuwa na majina matatu kwa kuwa nyumba tatu humlisha. Kule Pipeline na Kayole, kwenye majumba ya ghorofa, huteremka ngazi usiku na hakuna ajuaye aendako.

Maana yake ni kwamba habari za ugonjwa wake haziko nyumbani kwako peke yako. Kabla ya kwenda popote, bisha hodi kwenye milango miwili mitatu. Muulize mama wa jirani kama paka alikula kwake jana, alikula nini, na kama amemwona akitapika au kuhara. Muulize keateka kama kuna nyumba iliyopulizwa dawa ya kunguni wiki hii. Uliza kama kuna paka au mbwa mwingine aliyeugua au kufa. Jibu la swali hilo la mwisho pekee laweza kubadili fikira zote za daktari, kwa sababu wanyama watatu waliokufa katika ploti moja ndani ya siku mbili ni jambo la sumu hadi ithibitishwe vingine.

Na sumu ziko tele. Wachuuzi hupita mitaani na vipaza sauti wakinadi dawa ya panya, mende na kunguni, na nyingi huuzwa kwenye pakiti ndogo ambazo hazina maandishi ya kueleza kilichomo. Ukiipata pakiti hiyo, hata ikiwa tupu, itie kwenye mfuko wa plastiki uende nayo. Daktari anaihitaji kuliko maelezo yako kwa sababu sumu za panya si za aina moja. Kuna zile zinazozuia damu kuganda. Paka aliyezila, au aliyemla panya aliyezila, huonekana mzima kwa siku mbili hadi tano kisha huanza kuvuja damu puani, kwenye ufizi au ndani ya kifua. Huyo hutibiwa kwa vitamini K1 naye huweza kupona kabisa akiwahiwa. Kuna nyingine ambazo hushambulia neva: mate hutiririka, macho hukaza, mwili hutetemeka, na saa chache tu zinatosha kumuua. Hiyo ina dawa tofauti kabisa, nayo ni ya kudungwa na daktari mara moja. Maziwa hayasaidii katika aina zote mbili. Maji ya chumvi ya kumtapisha ni mabaya zaidi, kwa sababu chumvi hiyo yenyewe humdhuru paka, na mnyama anayetetemeka akinyweshwa kitu chochote kwa nguvu huishia kukivuta mapafuni.

Mgonjwa mwenye siri

Paka huficha maumivu. Ni tabia ya mnyama mdogo ambaye kiasili huwindwa na wakubwa wake. Akionyesha unyonge ataliwa. Ndiyo maana wengi husema, "Jana alikuwa mzima, leo ninamkuta hoi." Kwa kweli jana hakuwa mzima. Alikuwa ameacha kujiramba, manyoya yamesimama na kushikana, amehamia chini ya kitanda ambako hakuwa na kawaida ya kulala, na ile ngozi nyeupe iliyo kwenye pembe ya ndani ya jicho ilikuwa imeanza kulifunika jicho. Hizo ndizo dalili za mwanzo, nazo huonwa na mwenye nyumba tu. Daktari hawezi kuziona, maana hajui paka wako huwaje akiwa mzima.

Mtazame akiwa ametulia. Hesabu pumzi zake kwa dakika moja, kifua kikipanda na kushuka ni moja. Paka mzima aliyelala huvuta pumzi kati ya 20 na 30. Zikizidi 40 akiwa amepumzika, au akihema kwa mdomo wazi kama mbwa, usiendelee kusoma makala haya, mpeleke. Inua mdomo wake wa juu kidogo utazame ufizi, ikiwa tu ni paka mpole anayekubali na huna shaka juu ya kichaa, jambo tutakalolifikia. Ufizi mzima una rangi ya waridi. Ukiwa mweupe, damu imepungua. Ukiwa wa manjano, ini lina shida au chembe za damu zinavunjika. Ukiwa wa kahawia, fikiria sumu. Vuta ngozi ya shingoni juu kidogo uiachilie. Isiporudi mahali pake upesi, mwili umepungukiwa na maji. Joto la kawaida la paka ni nyuzi 38 hadi 39.2, yaani amezidi mtu kidogo, hivyo kusema "ana homa kwa sababu masikio yana joto" si habari.

Ikiwa una simu yenye kamera, mpige picha za video akikohoa, akitembea kwa kupepesuka au akitetemeka. Mambo haya hayatokei mezani kwa daktari. Paka akifika kliniki hujikunja kimya kwa woga, na wewe utabaki kuigiza kikohozi chake mbele ya watu.

Sasa sikiliza mazungumzo haya, ambayo husikika karibu kila kliniki.

"Ana nini?"

"Hali, daktari. Amelala tu."

"Tangu lini?"

"Tangu juzi. Ama wiki iliyopita, sikumbuki vizuri."

"Anakojoa?"

"Hapo sijui, daktari, yeye huenda nje."

Daktari huyu hatakuwa na la kufanya ila kubahatisha, na kubahatisha kwake utakulipia wewe. Linganisha na haya:

"Daktari, huyu ni dume, ana miaka 2 hivi, hajahasiwa wala hajachanjwa. Mara ya mwisho alikula vizuri Jumapili jioni, ugali na omena. Jumatatu alitapika mara tatu, povu la manjano, bila minyoo. Nilimfungia ndani tangu jana na kumwekea beseni la mchanga. Ameingia humo zaidi ya mara kumi, anachutama na kulia, lakini mchanga ni mkavu."

Hapo daktari keshasikia neno moja lililomtosha. Mchanga ni mkavu. Paka huyu ameziba mkojo, na yeye ni wa kuhudumiwa sasa hivi kabla ya wengine wote walio kwenye foleni.

Tungependa usimame hapo kidogo, msomaji, kwa sababu ni moja kati ya mambo yanayoua paka dume wengi bila sababu. Njia ya mkojo ya dume ni nyembamba mno. Huweza kuzibwa na chembechembe kama mchanga au ute, mkojo ukarudi nyuma, na sumu ambazo figo zingezitoa zikabaki mwilini. Madini ya potasiamu hupanda katika damu mpaka moyo ukasimama. Haya yote huchukua siku mbili au tatu. Wenye paka wakimwona anachutama na kukaza hudhani amefunga choo, wakamnywesha mafuta ya kupikia. Lakini ukigusa tumbo lake la chini utahisi kitu kigumu kama chungwa, naye atalia. Usilibinye, huenda kibofu kikapasuka. Daktari ataupitisha mpira mwembamba na mkojo utatoka. Akichelewa kupelekwa, hata mpira huo hautamwokoa.

Basi yaandike mambo haya kwenye karatasi kabla ya kutoka nyumbani, maana mtu mwenye wasiwasi husahau: umri, jinsia, kama amehasiwa, chanjo, chakula na mahali kilikotoka, siku ya mwisho aliyokula, mkojo, choo, kutapika, mahali anakozurura, na dawa yoyote aliyopewa. Hiyo ya mwisho usiifiche hata kama unaona haya. Daktari hatakuchapa. Akidunga dawa juu ya ile uliyoificha, anayeumia ni paka.

Kuhusu paka asiyekula, wako wanaosema kwamba njaa itamrudisha kwenye sahani. Si kweli kwa paka. Mnyama huyu akikaa siku tatu hivi bila chakula, hasa akiwa mnene, mwili huanza kuyayusha mafuta yake kwa wingi na ini hushindwa kuyatumia, likajaa mafuta lenyewe. Hapo unakuwa na magonjwa mawili, ule usioujua wa kwanza na huu wa pili. Saa 24 bila kula ni sababu ya kutafuta ushauri. Kwa mtoto wa paka, hata nusu ya muda huo ni mwingi.

Kitoto kinachotapika na kuhara, kikainamia bakuli la maji bila kuweza kunywa, yawezekana kimepatwa na ule ugonjwa wa virusi ambao hupunguza mno chembe nyeupe za damu. Huua haraka sana watoto wa paka wasiochanjwa, na virusi vyake huweza kukaa ndani ya nyumba hata mwaka mzima. Wengi humpoteza mmoja, wakaleta mwingine mwezi unaofuata, naye akafa vivyo hivyo, na hapo ndipo maneno ya urogi yanapopata nguvu. Osha sakafu na vyombo kwa sabuni, kisha kwa dawa ya kupaushia nguo, sehemu 1 kwa sehemu 30 za maji, uache dakika kumi na usuuze. Mwanapaka mpya achanjwe kabla ya kuingia. Chanjo zake huanza katika wiki ya 8 au ya 9 na hurudiwa hadi apite wiki ya 16.

Kabati la dawa lifungwe

Nyumba nyingi zina vidonge vya kutuliza maumivu, na huruma humfanya mwenye paka kukata nusu kidonge. Tafadhali usithubutu. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja parasetamoli jinsi ini la binadamu linavyofanya. Dawa hiyo huigeuza damu yake isiweze kubeba hewa. Baada ya saa chache ufizi huwa wa kahawia, uso na miguu huvimba, naye hupumua kwa taabu. Kidonge kimoja cha miligramu 500, kile unachokimeza wewe bila kufikiri, kinatosha kumuua paka wa kilo tatu au nne. Aspirini na ibuprofeni nazo si salama. Kama tayari umempa, chukua pakiti uende mara moja, kwa sababu ipo dawa ya kupambana na sumu hiyo na hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa mapema.

Kadhalika Dettol. Dawa za namna hiyo zinazogeuza maji kuwa meupe zina viungo ambavyo paka hawezi kuvitoa mwilini, naye akioshwa navyo atajiramba na kuvimeza. Na zile dawa za viroboto za mbwa zenye pamethrini, ambazo muuzaji anaweza kukuambia "hata paka ni sawa, weka kidogo", humfanya paka atetemeke mwili mzima. Kidogo ya mbwa si kipimo cha paka. Hali ni hiyo hiyo kwa dawa za sindano za ng'ombe zinazouzwa kwenye chupa kubwa. Kosa la tone chache kwa fahali wa kilo 300 si kitu, lakini kwa mwanapaka wa nusu kilo ni kifo.

Hatusemi haya kuwadharau wauzaji wa agroveti. Wengi wao ni watu wenye mafunzo na wamewasaidia wakulima wa nchi hii kwa miaka mingi. Lakini mafunzo yao mara nyingi yalilenga ng'ombe, mbuzi na kuku. Muuzaji mwema ni yule atakayekuambia, "Mama, huyu mpeleke kwa daktari." Ukimpata wa namna hiyo, rudi kununua kwake.

Nani wa kuulizwa

Kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2011 inayowahusu madaktari wa mifugo na wasaidizi wao, hakuna anayeruhusiwa kutibu wanyama kwa malipo bila kusajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo nchini, na leseni hiyo hufanywa upya. Una haki ya kuomba kuiona. Mtu anayekuja na mkoba nyumbani, akadunga sindano asiyoitaja jina na kudai pesa, si lazima awe tapeli, lakini mwenye leseni haoni ubaya kuulizwa.

Zipo kliniki za kibinafsi za wanyama katika Eastlands na katikati ya jiji. Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho kitivo chake cha udaktari wa mifugo kiko Kabete, kina kliniki ya wanyama wadogo ambako wanafunzi hujifunza chini ya wahadhiri wao. Faida ya mahali kama hapo ni kwamba kisa kisichoeleweka huwapendeza. Watu watano watamtazama paka wako badala ya mmoja. Kuna pia KSPCA, chama cha kuwatunza wanyama kilichoanza mwaka 1910 na ambacho makao yake yako Karen. Kutoka Umoja au Dandora kote huko ni mbali, kwa hivyo piga simu kwanza. Uliza kama daktari wa paka yupo, kumwona ni pesa ngapi, na kama wanaweza kupima damu hapo hapo.

Sema kiasi cha pesa ulichonacho tangu mwanzo. Watu huona aibu, wakakubali vipimo vyote na kukwama katikati, paka amepimwa lakini hakuna pesa za dawa. Daktari akijua una kiasi fulani tu, ataanza na kipimo kile kimoja chenye uwezo mkubwa wa kumfumbua macho.

Na usafiri? Paka asipakatwe mikononi ndani ya matatu. Chukua krate mbili za plastiki za mboga, uzifunge pamoja kwa kamba, utandike nguo yenye harufu ya nyumbani na kufunika kwa leso. Gunia lamfaa kuku. Paka mwenye shida ya kupumua aliyefungwa ndani ya gunia hufika amekufa.

Daktari naye asipojua

Hili huwaudhi watu wengi: umelipa, umengoja, na daktari anasema bado hajui. Msomaji, heri huyo kuliko anayejua kila kitu kwa kumtupia jicho mara moja. Paka mwenye homa isiyoeleweka huenda ana vile virusi vinavyodhoofisha kinga ya paka, ambavyo havimwambukizi binadamu. Huenda ana usaha uliojificha kifuani. Huenda amemeza uzi wa kushonea, na hauonekani kwa macho. Daktari makini huondoa mambo haya moja baada ya jingine.

Unachopaswa kumuuliza ni maswali manne. Unadhani ni nini? Umekwisha kuondoa nini? Dawa hii, iandike jina na kipimo, inatarajiwa kuonyesha nafuu baada ya muda gani? Na nikiona nini nirudi kabla ya muda huo? Akikuambia siku mbili na paka hajabadilika, rudi kwake yeye mwenyewe. Kuhamahama huku na huku, kila mahali sindano mpya, hufanya kila daktari aanze upya, na mwishowe hakuna anayeweza kutofautisha ugonjwa na madhara ya dawa. Ukihama, hama na karatasi zako zote.

Kama kuna watu nyumbani wanaoweza kudhurika

Sasa tuje kwenye jambo linaloufanya ukurasa huu wa afya ya binadamu kumzungumzia paka. Kichaa cha mbwa si cha mbwa peke yake. Hapa Kenya ugonjwa huo uliripotiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa, pembeni mwa Nairobi hii hii, na hadi leo haujaisha. Serikali ilizindua mwaka 2014 mpango wa kukomesha vifo vya watu vinavyotokana nao ifikapo mwaka 2030. Mbwa ndiye anayewaambukiza watu wengi zaidi, lakini paka aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa huugua na kuambukiza vilevile.

Dalili zake ni mabadiliko. Paka mpole anakuwa mkali bila sababu, au yule wa mwituni anakuwa mpole na kukufuata. Sauti inabadilika. Anajificha gizani, anarukia chochote kinachosogea, kisha taya linalegea, mate yanatiririka na hawezi kumeza. Hapa ndipo kosa kubwa hutendeka. Mwenye nyumba husema, "Mfupa umemkwama kooni," akamfungua mdomo na kutia kidole. Paka anayetokwa na mate na kushindwa kumeza asitiwe mkono mdomoni na mtu yeyote. Mfungie chumbani au umfunike kwa karai kubwa lenye jiwe juu, watoto wakae mbali, na daktari apigiwe simu.

Ikiwa amekwisha kumuuma au kumkwaruza mtu, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kwa saa. Dakika 15 ni nyingi kuliko unavyodhani, na mtoto atalia, lakini maji hayo na sabuni hiyo huondoa na kuua virusi vingi. Usipake pilipili, majivu wala mafuta ya taa. Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, iwe ni Mama Lucy Kibaki au kituo kilicho karibu nawe, useme waziwazi, "Ameumwa na paka mgonjwa." Usiseme tu kwamba ana kidonda. Chanjo hutolewa kwa awamu, kuanzia siku ile ile na kuendelea siku ya 3, ya 7 na nyinginezo kulingana na maagizo ya daktari, na zote ni lazima zikamilishwe. Dalili zikishaanza kwa binadamu hakuna tiba.

Paka huyo asiuawe na kutupwa jalalani. Akiwa hai na aweza kufungiwa salama, hutazamwa kwa siku 10. Akibaki mzima siku hizo zote, hakuwa na virusi kwenye mate yake siku aliyouma, na daktari aweza kuisimamisha chanjo. Akifa au akilazimika kuuawa, ofisi ya mifugo ya kaunti iarifiwe ili sampuli ya ubongo ipimwe katika maabara ya serikali kule Kabete. Kipimo cha damu yake hakiwezi kutoa jibu hilo.

Akina mama waja wazito nao hutishwa sana juu ya paka, wengine wakaambiwa wamfukuze. Si lazima. Kuna kijidudu ambacho paka huweza kukitoa kwenye kinyesi bila yeye mwenyewe kuonekana mgonjwa, nacho huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, na vilevile mtu ambaye kinga yake imepungua. Lakini kinyesi hicho huhitaji siku 1 hadi 5 kabla ya kuweza kuambukiza. Beseni la mchanga likimwagwa kila siku, na likamwagwa na mtu mwingine, hatari hupungua mno. Sukuma wiki isiyooshwa vizuri na nyama isiyoiva ni njia za maambukizi ambazo mama huyo anapaswa kuziogopa zaidi ya kumpapasa paka wake.

Lipo jambo moja limebaki, nalo huulizwa kwa nadra. Paka akifa kabla ya ugonjwa wake kujulikana, bado anaweza kupasuliwa na kuchunguzwa. Huko Kabete kazi hiyo hufanywa, na inafaa hasa kama kuna paka wengine katika ploti, kama unashuku sumu iliyowekwa mahali watoto wanapocheza, au kama kuna mtu aliyeumwa. Usimshike kwa mikono mitupu. Mtie katika mifuko miwili ya plastiki, mmoja ndani ya mwingine, uweke barafu kando yake lakini usimgandishe, kwa kuwa kuganda huharibu nyama na kuvuruga uchunguzi. Afike siku hiyo au kesho yake asubuhi, pamoja na ile karatasi uliyoandika.